Sanduku la Zabuni na Mlinzi Wake

Ndugu msomaji, juma lililopita nilipokea barua kutoka kwa sajini mmoja wa polisi ambaye kituo chake kimo katika mji mdogo, si mbali sana na Juba. Ameniomba nisilitaje jina lake. Na mji wenyewe nimeamua mwenyewe kutoutaja, kwa maana hayo aliyoyaandika yangaliweza kutokea katika mji wowote wetu. Barua imeandikwa pande zote mbili za karatasi ya daftari la shule, bila shaka la mmoja wa watoto wake, nami niliisoma mara tatu kabla ya kushika kalamu.

Kisa chake ni hiki. Halmashauri ya mji ilitangaza zabuni ya kufagia soko na kuzoa taka kwa muda wa mwaka mmoja. Mke wa sajini ni mtunza fedha wa kikundi cha akina mama kumi na wanne wa kambi ya polisi, ambao kwa miaka kadhaa wamekuwa wakiendesha sanduku, yaani ule mchezo wa kupeana fedha kwa zamu ambao ndugu zetu wa Kenya huuita chama na Watanzania huuita upatu. Akina mama hao wakakubaliana kusimamisha zamu kwa miezi minne. Fedha zilizopatikana zikanunua mikokoteni mitatu, makoleo, fagio na mabuti ya mpira. Kisha wakamwomba mwalimu wa shule awaandikie bei yao kwa taipu, wakaitia bahasha, wakaitumbukiza katika sanduku la zabuni lililowekwa kwenye ukumbi wa halmashauri.

Juma lile sajini alikuwa zamu ya ulinzi katika ofisi hiyo hiyo. Usiku wa kuamkia siku ya kufungua zabuni, muda wa kupeleka bahasha ukiwa umekwisha tangu saa kumi jioni, mfanyabiashara mmoja alimjia akiwa na bahasha mbili. Moja ilikuwa ya zabuni, nyingine haikuwa ya zabuni. Sajini akazikataa zote mbili. Kesho yake wale waliopeleka bei waliambiwa wangoje barazani, na bahasha zikafunguliwa ndani, mlango umefungwa. Siku tisa baadaye akina mama wakasikia sokoni, kwa wauza samaki, kwamba kazi amepewa mfanyabiashara yule yule. Hapana barua waliyoletewa, wala tangazo lililobandikwa.

Sasa nyumba ya sajini haina amani. Wenzake mkewe wanadai fedha zao. Wengine wanasema sajini ni mjinga, kwa kuwa alikuwa analinda sanduku na asiweze kuisaidia familia yake. Wengine, nao ni wabaya zaidi, wanasema alipokea ile bahasha ya pili. Anauliza: alalamike, au anyamaze kwa kuwa yeye ni mtumishi wa Serikali na mkubwa wake huketi meza moja na wakubwa wa halmashauri?

Ndugu Sajini, kabla sijakutetea nitakukaripia. Ulikosea siku ile mkeo alipotia bahasha sandukuni nawe ukaendelea kulilinda sanduku hilo. Ulipaswa kwenda kwa mkubwa wako na kumwambia, kwa maneno machache: afande, jamaa yangu ameomba kazi hii, naomba nipangiwe lindo jingine. Najua moyo wako ulikuwa safi, maana uliyoyafanya usiku ule yanakushuhudia. Lakini majirani hawawezi kuuona moyo wako. Wanachokiona ni mume mlangoni na bahasha ya mke ndani. Kama akina mama wangaliipata kazi ile kwa haki kabisa, mfanyabiashara yule angalikwenda kulalamika, na hoja yake ya kwanza ingalikuwa wewe. Hata sasa, ukilalamika, hoja yao ya kwanza itakuwa wewe. Kwa hiyo jambo hili ulikiri mwenyewe, kwa maandishi, kabla hujatajwa na mwingine.

Baada ya kusema hayo, naingia katika upande wako, kwa sababu halmashauri hiyo imekosa mara nyingi kuliko wewe, na makosa yake ni ya kazi yake yenyewe.

Wasomaji wengi huona zabuni kama bahati nasibu ya wakubwa. Tuitazame kwa utaratibu wake, kwa kuwa mtu asiyeujua utaratibu hawezi kujua ulipovunjwa. Kwanza halmashauri huandika kazi inayotaka: soko lifagiwe mara ngapi kwa siku, taka zipelekwe wapi, kwa chombo gani. Kisha hutangaza, na kutoa siku za kutosha watu waandike bei. Bahasha zilizofungwa hutiwa katika sanduku lenye kufuli, na saa ya mwisho hutajwa waziwazi. Saa hiyo ikipita, sanduku hufungwa, na kwa utaratibu mzuri hufunguliwa muda ule ule au mapema iwezekanavyo, ili pasiwe na usiku katikati. Huo usiku mmoja uliowekwa katikati ndio uliomleta yule mtu kwako, Ndugu Sajini. Pasingekuwa na usiku, pasingekuwa na mgeni.

Sanduku hufunguliwa mbele ya wenye zabuni wenyewe au wajumbe wao. Kila bahasha hufunguliwa, jina husomwa kwa sauti, bei husomwa kwa sauti, na karani huandika. Hapo hapaamuliwi mshindi. Lakini tangu dakika ile bei zimekwisha kuwa mali ya masikio ya watu wote, na hakuna kalamu itakayobadilisha sufuri usiku. Baadaye kamati nyingine ya tathmini hukaa faraghani, na hiyo ni halali, ikapima nani ameeleza kazi sawasawa na kama ana uwezo wa kuifanya. Mwenye bei ya chini si lazima ashinde. Kama akina mama wana mikokoteni mitatu na soko linahitaji lori, kamati ina haki ya kusema hivyo. Lakini lazima iseme, iandike, na walioshindwa wapelekewe barua.

Basi mlango uliofungwa mchana ule ulikuwa kosa kubwa kuliko yote katika kisa hiki. Hata kama mfanyabiashara yule ndiye aliyestahili, mlango ule umemnyima heshima ya ushindi wake. Nani atasadiki sasa?

Sheria hazikosekani. Wakati wa Serikali ya Kusini mwa Sudan, baada ya mapatano ya amani ya mwaka 2005, tulikuwa na kanuni za muda za ununuzi wa umma za mwaka 2006. Mwaka 2009 ikaja Sheria ya Serikali za Mitaa, iliyoweka halmashauri za wilaya, za miji na za majiji, na kuagiza kwamba wanawake wawe angalau robo ya wajumbe wake. Halmashauri ya Jiji la Juba yenyewe ilianzishwa mwaka 2011, ikiziweka pamoja Juba, Kator na Munuki. Mwaka 2018 ikatungwa Sheria ya Ununuzi wa Umma na Uuzaji wa Mali, ambayo msingi wake ni mashindano ya wazi. Katiba ya Mpito ya mwaka 2011 inampa kila raia haki ya kupata habari na kumbukumbu za Serikali, isipokuwa zile zinazogusa usalama wa nchi au siri za mtu binafsi, na sheria ya mwaka 2013 imeifafanua haki hiyo. Bei ya kufagia soko haigusi usalama wa nchi.

Nitarudi kwenye neno hilo usalama, kwa kuwa wasomaji wa gazeti hili hulisikia mara nyingi. Kwanza tuitazame kesi iliyotufundisha Sudan Kusini nzima jinsi mkataba unavyoweza kuwa karatasi tupu.

Mwaka 2008, palipokuwa na hofu ya njaa, Serikali ya Kusini iliamua kununua mtama, dura kama tuiitavyo hapa Juba, na kujenga maghala katika majimbo yote kumi. Nia ilikuwa njema, na kwa kweli hakuna mzazi asiyeweka akiba ya nafaka. Kilichofuata kila mtu mzima wa Juba anakijua kwa jina tu: kashfa ya dura. Ukaguzi uliofanywa kwa msaada wa Benki ya Dunia, ambao matokeo yake yalijulikana mwaka 2013, ulionyesha kwamba kampuni 290 zililipwa bila kutia saini mkataba wowote, na nyingine 151 zililipwa kupita kiasi. Tafadhali msomaji, soma tena hesabu hiyo ya kwanza. Tumezoea kufikiri kwamba wizi huwa ndani ya mkataba. Hapa mkataba wenyewe haukuwapo, na malipo yalitoka. Na katika sehemu nyingi za nchi yetu, mtama ambao ulilipiwa haukufika.

Mwezi Mei 2012 Rais Salva Kiir aliwaandikia barua watu 75, viongozi na waliopata kuwa viongozi, akisema kwamba dola za Marekani zipatazo bilioni 4 zimepotea, na akawaomba wazirudishe. Mwezi Juni 2013 mawaziri wawili walisimamishwa kazi ili uchunguzi ufanyike juu ya malipo ya karibu dola milioni 8 kwa kampuni moja, malipo yaliyoelezwa kuwa ya makabati ya chuma yasiyoungua moto. Sitaji majina, kwa kuwa kusimamishwa si kuhukumiwa. Nayataja mambo haya kwa sababu moja: watu husema kwamba makosa ya mji mdogo ni madogo, fagio na makoleo tu, na ya Wizara ndiyo makubwa. Mimi nasema ni kosa moja. Karani aliyezoea kufungua bahasha mlango umefungwa katika mji wa nyumba elfu mbili, siku atakapopandishwa cheo hataujua utaratibu mwingine.

Mfano wa kinyume nao upo, tena tunaupita kila siku. Daraja la Uhuru juu ya Mto Nile hapa Juba lilianza kujengwa mwaka 2013 kwa msaada wa Japani. Vita vya Desemba 2013 viliisimamisha kazi, na vile vya Julai 2016 vikaisimamisha tena. Lilifunguliwa mwezi Mei 2022. Ni miaka tisa, na sisi wa Juba tulilalamika sana kwa kuchelewa kwake. Lakini aliyelipa aliweza kuja ukingoni akaona nguzo zimefika wapi. Dura hatukuweza kuiona kwa kuwa ilikuwa katika makaratasi.

Hapa ndipo wanajeshi na polisi mnapoingia, hata wale ambao hawajalinda sanduku la zabuni maishani mwao. Kila kitu kinachonunuliwa kwa fedha za umma lazima kipokewe na mtu, na mtu huyo hutia saini hati ya kupokelea mali. Mara nyingi ni mtunza stoo mwenye cheo kidogo. Magunia mia yameandikwa, themanini yamefika. Mwenye lori anasema ishirini yaja kesho, tia saini tu, mbona wewe ni mtu wa maneno mengi. Msomaji aliyepata kukaa stoo anajua uzito wa dakika ile. Akitia saini, magunia ishirini yamekwisha kuliwa, na kisheria aliyeyapokea ni yeye. Kamati zote za zabuni, hata zikiwa za malaika, haziwezi kuliokoa gunia ambalo mtunza stoo amelikubali bila kuliona. Kwa hiyo napenda kumsikia mke wa mtunza stoo akimwambia mumewe: andika themanini. Andika themanini, uandike na tarehe.

Nalo neno usalama nimesema nitalirudia. Kenya, kati ya mwaka 2002 na 2004, ilipata kashfa ya Anglo Leasing. Ilikuwa ni mikataba ya mambo ya usalama, ukiwamo wa kuchapa pasipoti na wa kujenga maabara ya polisi ya uchunguzi wa jinai, ambayo haikupitia mashindano ya kawaida kwa kuwa ilisemekana ni siri. Kampuni nyingine zilipotafutwa hazikuonekana kuwa kampuni. John Githongo, aliyekuwa amekabidhiwa na Serikali kusimamia maadili, alijiuzulu mwezi Februari 2005 akiwa nje ya nchi. Na Uganda, mwishoni mwa miaka ya 1990, ilinunua helikopta za vita aina ya Mi-24 kutoka Belarus, ambazo zilionekana hazifai kuruka, hata ikaundwa tume chini ya Jaji Julia Sebutinde. Nani anaumia helikopta isiporuka? Ni askari aliye msituni anayeingoja. Siri ya jeshi ni mahali kikosi kilipo na kinakokwenda. Bei ya viatu vyake si siri, na mtu akiifanya siri inafaa aulizwe kwa nini.

Turudi mjini kwa sajini. Nilizungumza na mtu aliyefanya kazi miaka mingi katika ofisi za serikali za mitaa, naye akanieleza mizengwe ambayo mji mdogo huijua zaidi kuliko jiji. Wa kwanza ni kukata kazi vipande. Sheria husema kazi inayozidi kiasi fulani itangazwe. Basi kazi ya mwaka mmoja hukatwa ikawa kazi ndogo kumi na mbili za mwezi mmoja mmoja, kila moja ikiwa chini ya kiasi hicho, na zote akapewa mtu mmoja bila tangazo. Wa pili ni bahasha za kusindikiza: kampuni tatu zimeomba, lakini zote zimeandikwa kwa mkono mmoja, na ukipiga simu za kampuni mbili anapokea mtu yule yule. Wa tatu ni kuandika maelezo ya kazi kwa kipimo cha mtu, kama fundi anavyokata kanzu. Kwa mfano, mwenye kuomba awe na lori la tani saba la rangi fulani. Na mji mzima una lori moja la namna hiyo. Aliponieleza la rangi nilicheka, yeye hakucheka.

Lakini lipo jambo la nne ambalo si hila ya mtu mmoja, nalo ndilo linaloua mashindano katika nchi yetu kuliko rushwa: kuchelewa kwa malipo. Familia za askari hazihitaji kufundishwa maana ya mshahara uliochelewa miezi kadhaa. Mkandarasi naye ni vivyo hivyo. Kumbukeni Desemba 2015, Serikali ilipoiacha pauni ijitafutie thamani yake: siku moja dola ilikuwa pauni zisizofikia 3, mara ikawa pauni 18 na zaidi. Aliyefanya kazi Novemba na kulipwa Januari, kwa hesabu ile ile ya mkataba, hakupata hata moja ya sita ya thamani ya jasho lake. Tangu wakati huo mtu mwaminifu mwenye mtaji mdogo huogopa kuandika zabuni. Hubaki mwenye mtaji mkubwa, au mwenye rafiki katika ofisi ya mhasibu atakayehakikisha hundi yake inatangulia. Halmashauri zetu zikilalamika kwamba wanaojitokeza ni wale wale, zitazame kwanza jalada la madeni yao. Na akina mama wa kikundi hiki nawauliza bila kuwaficha: mngaliipata kazi, mngaliweza kufagia miezi mitano bila senti?

Najua mtasema halmashauri zetu si za kuchaguliwa, kwa hiyo hazina wa kumwogopa isipokuwa yule aliyeziteua. Ni kweli wakuu wa miji na wajumbe wengi wamewekwa kwa amri, na kubadilishwa kwa amri. Uchaguzi uliopangwa kufanywa Desemba 2024 uliahirishwa hadi Desemba 2026. Lakini naona jambo hilo lingetufanya tuwe wakali zaidi juu ya mlango wa chumba cha zabuni. Pale ambapo raia hajapiga kura, kuketi katika benchi na kusikia bei zikisomwa ni karibu nafasi pekee aliyo nayo ya kuiona serikali ya mji wake ikifanya uamuzi.

Na uamuzi wenyewe una adabu zake. Kikao kiwe na akidi. Mjumbe ambaye ndugu yake, shemeji yake au mshirika wake wa biashara ameomba kazi, aseme mwanzoni na atoke nje. Asikae kimya akijidai kutazama dirishani. Katika miji yetu hili ni gumu, maana sote ni ndugu kwa namna moja au nyingine, na ukiwatoa wote wenye undugu chumba kinaweza kubaki na viti vitupu. Lakini kusema tu kunatosha mara nyingi. Undugu uliotajwa na kuandikwa katika muhtasari wa kikao huwa umepungukiwa na nguvu zake. Muhtasari nao usomwe kikao kinachofuata, ili aliyesema ndiyo asije akakana.

Majirani zetu wametutangulia kwa mambo fulani ambayo hayahitaji fedha nyingi. Uganda, jina la mzabuni aliyeonekana bora hubandikwa katika ubao wa matangazo kabla ya mkataba kutiwa saini, ili mwenye neno aseme. Kenya, kwa sheria ya mwaka 2015, asiyeridhika ana siku 14 za kupeleka malalamiko mbele ya bodi ya mapitio, na bodi hutakiwa kuamua ndani ya siku 21. Tanzania, ambayo imetunga upya sheria yake ya ununuzi mwaka 2023, imezihamishia zabuni za umma katika mtambo wa kompyuta uitwao NeST, hata za halmashauri za wilaya. Sidai kwamba huko rushwa imekwisha. Magazeti yao yanasema vinginevyo kila juma. Wala sidai mji wa sajini ununue kompyuta wakati ofisi yake haina umeme. Ubao wa mbao, misumari minne na karatasi moja vinapatikana hata kule.

Sasa Ndugu Sajini, nakujibu swali lako kwa vitendo. Wewe usilalamike. Hukuomba kazi ile, na ukilalamika wewe patakuwa vita kati ya polisi na halmashauri. Wanaolalamika ni kikundi, kwa jina la kikundi, na barua itiwe saini na mwenyekiti wao, wala si na mkeo peke yake. Kazi yako ni barua nyingine, fupi, kwa mkubwa wako: eleza kwamba mkeo ni mwanachama wa kikundi kilichoomba zabuni, kwamba hukulisema hilo kwa wakati wake, na kwamba usiku wa tarehe fulani, saa fulani, mtu fulani alikuja kukutolea bahasha mbili ukazikataa. Kama uliandika katika kitabu cha matukio cha lindo usiku ule, taja ukurasa. Kama hukuandika, sema hukuandika. Usiandike leo kwa tarehe ya jana. Utakuwa umeyaharibu yote.

Dada yangu, mke wa sajini, wewe nawe usiuze mikokoteni. Waite wenzako kumi na watatu, uwawekee daftari la sanduku mbele yao, kila senti iliyotoka na risiti yake. Fedha zenu hazikuliwa na mtu. Zimegeuka magurudumu, na magurudumu yanaweza kuchota maji na kubeba mizigo ya soko mkiwa mnangojea. Halafu andikeni kwa karani wa halmashauri mkiomba mambo matatu tu: nakala ya orodha ya majina na bei zilizosomwa siku ya kufungua, sababu ya zabuni yenu kukataliwa, na tarehe ambayo mshindi alipewa barua. Msimtukane mtu. Msiseme neno rushwa. Msimtaje mfanyabiashara. Mkisema mnayoyashuku, mtajibiwa juu ya shuku zenu na kuachwa bila karatasi mnayoitaka. Barua iwe na nakala kwa mjumbe mwanamke wa halmashauri, kwa maana ile robo iliwekwa ili mtu awepo wa kuulizwa.

Barua ipelekweni watu watatu, asubuhi, ofisi ikiwa na watu. Mwombeni karani aigonge muhuri nakala yenu. Akikataa, mwandike pembeni ya nakala, pale pale mezani mbele yake, siku, saa, na jina la aliyeipokea, kisha mtie saini zenu tatu. Na mkishapata jibu, au mkikaa siku 30 bila jibu, niandikieni tena.